Msifukie Kazi ya Mikono Yenu

Ndugu zangu mnaotafuta ajira! Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, yupo mtumwa aliyepewa talanta moja akaenda kuifukia ardhini. Hakuiba. Hakutapanya. Bwana wake aliporudi alipata mali yake yote, na bado mtumwa yule akahukumiwa. Kosa lake nini? Aliogopa, akaficha alichokabidhiwa.

Nanyi mnaficha! Naletewa CV: mhasibu msaidizi hadi 2021, kisha kozi ya kompyuta 2024. Katikati, kimya. Nikiuliza, kijana anajibu chinichini, "Nilikuwa na kabiashara tu, kakafa." Tu? Ulisajili jina BRELA, ukachukua TIN, ukavutana bei na wauzaji wa jumla Kariakoo, ukawalipa vijana wako hata mwezi ambao wewe mwenyewe hukubakiwa na senti. Nani amekufundisha kuyaonea haya hayo?

Biashara kufa si dhambi. Kune ya Nairobi, iliyouza vyakula vilivyopikwa tayari, ilipata mtaji wa dola milioni 1 mwaka 2021. Juni 2022 ikafunga. Sendy, wasafirishaji wa mizigo walioanza 2014, walikusanya mamilioni ya dola, na 2023 nao wakafunga. Je, waliofanya kazi humo waifute miaka hiyo? Hasha!

Basi andikeni! Weka cheo, jina la biashara, mji, mwaka wa kuanza na wa kumaliza, kama ajira nyingine yoyote. Chini yake eleza ulichofanya. Usiseme "nilileta mapinduzi katika kilimo." Sema: "Nilinunua mboga kwa wakulima wa Magu, nikazipeleka kila wiki kwenye nyumba 60 za Mwanza, nilisimamia waendesha bodaboda watatu, nilifunga 2023 gharama za usafiri zilipozidi mapato." Msaili akisoma hapo ameshajua kuwa unaweza kununua, kusimamia watu, kupiga hesabu na kukubali ukweli.

Na kazi za pembeni? Chagua zinazogusa nafasi unayoomba. Waomba uhasibu: taja hesabu za VICOBA ulizotunza. Waomba kazi ya kompyuta: weka programu uliyotengeneza, na kiungo chake kifunguke. Nyingine ziache, hata kama unazipenda.

Lakini ole wako unayetia chumvi! Ulikuwa peke yako na simu moja, leo unajiita Mkurugenzi Mtendaji. Andika "Mwanzilishi", inatosha. Mlikuwa watatu? Sema mlikuwa watatu, maana wenzako nao watapigiwa simu. Mauzo usiyaite faida. Wateja 40 usiwafanye 400. Uongo mmoja ukigundulika kwenye usaili, hata kweli zako zote zitatiliwa shaka.

Na ukiulizwa kwa nini ilikufa, usimtupie lawama mwenzako, wala serikali, wala wachawi. Sema kilichotokea kwa sentensi mbili, kisha sema ambacho ungefanya tofauti leo. Jibu hilo liandae nyumbani, kwa sababu utaulizwa.

Nakusihi, ndugu yangu: usiku huu, kabla hujalala, fungua CV yako. Jaza miaka uliyoiacha wazi, punguza ulipozidisha, na kesho asubuhi uitume.