Mteja ni mfalme, lakini kuna mtu wa tatu

Ukiwa mjini Kigali ukamwambia mtu kwamba unaishi Ndera, kwanza anacheka. Halafu anakuuliza kama umeshapona. Ni kwa sababu ya hospitali kubwa ya magonjwa ya akili ambayo iko hapa kwetu. Jina la sekta nzima limegeuka mzaha. Hapa kuna mashamba, shule, maduka, watu wanaoamka alfajiri kwenda kazini. Lakini picha ya Ndera ilichorwa na watu wengine, na sisi wakaaji hatukuulizwa. Sisi wakimbizi tunaijua hali hiyo mara mbili. Neno "mkimbizi" nalo liko na picha yake tayari, na nyote mnaosoma hapa mnaijua: hema, foleni, ndoo, mtoto analia.

Naanza na hiyo kwa sababu kazi yangu nayo ni ya picha. Mchana niko na vijana: mpira, masomo ya ziada, mazungumzo ya Jumamosi. Usiku natengeneza tovuti. Sikusomea chuoni. Nilimaliza sekondari, rafiki akanionyesha njia, mengine nikajifunza kwa video. Wateja wangu ni watu wadogo: mafundi cherehani, saluni, kwaya, vyama vya watu kumi. Wote tunaambiwa mteja ni mfalme. Sawa. Lakini kama mteja ni mfalme, fundi ni nani? Mtumwa? Na kama mfalme anataka kitu kinachomuumiza mtu ambaye hayupo pale mezani, deni langu liko kwa nani?

Tuanze na mteja wangu wa kwanza, maana kwake nilijifunza nusu ya jibu. Ni mama mmoja anayeshona mikoba ya kitenge, mtu wa Kivu kama sisi. Mimi namwita mama, yeye ananiita mwanangu. Nilitaka kumshangaza. Nikatengeneza tovuti nyeusi, herufi za dhahabu, picha zinazoteleza zenyewe, na muziki kidogo ukifungua. Kwenye kompyuta ya kukopa ilikuwa moto kabisa. Nikamtumia kiungo kwa WhatsApp, akafungua kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Tukangoja. Duara likazunguka. Tukangoja tena mpaka chai ikapoa. Ilipofunguka aliangalia, akashuka chini kwa kidole, akarudi juu, akasema: "Mwanangu, ni nzuri. Lakini mimi niko wapi humu ndani?"

Nilikasirika, sitadanganya. Nilijiambia huyu mama hajui mambo ya kisasa. Ilinichukua siku mbili kukubali kwamba ile tovuti niliitengeneza ili vijana wenzangu waniambie "wewe kiboko." Nikarudi kwake bila kompyuta, nikakaa pembeni ya cherehani toka asubuhi hadi mchana, nikisikiliza simu zake. Kila aliyepiga aliuliza mambo matatu: bei gani, kuna rangi gani, na mzigo unaweza kufika Goma? Hakuna aliyeulizia herufi za dhahabu.

Tovuti ya pili ilikuwa ukurasa mmoja tu. Mikoba tuliianika kwenye kamba ya nguo nje, saa mbili asubuhi mwanga ukiwa laini, tukapiga picha kwa simu. Nikazipunguza uzito mpaka zikafunguka haraka hata mtandao ukiwa dhaifu. Chini ya kila mkoba, bei. Mwisho, kitufe kimoja kikubwa cha kumwandikia. Rangi ya njano alichagua yeye, njano kali ambayo mimi nisingethubutu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema wateja sokoni wanamtambua kwa kile kitambaa cha njano anachofunga kichwani. Kumbe nembo alikuwa nayo muda wote, mimi ndiye nilikuwa sioni.

Vijana wengi wananiuliza: "Kaka, ubunifu unautoa wapi?" Wanadhani ni kitu kinachoshuka kichwani usiku, na kwamba mteja anakiharibu na maneno yake mengi. Mimi pia nilidhani hivyo. Sasa naona ubunifu mwingi unatoka kwenye mipaka: simu mbovu, bando dogo, mteja mwenye swali gumu. Ukienda kambi ya Mahama kutoka Kigali unapita Nyakarambi, kule Kirehe, ambako akina mama wanatengeneza imigongo. Malighafi yao ni kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu. Rangi za asili ni chache: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Na kwa hivyo vichache wanatoa michoro ambayo watu wanainunua na kuipeleka Ulaya kwenye kuta zao. Hata wavuti yenyewe ilianza hivyo. Ukurasa wa kwanza wa wavuti, ambao Tim Berners-Lee aliuweka wazi mwaka 1991 kwenye kituo cha CERN, Uswisi, ulikuwa maneno na viungo tu, bila picha hata moja. Ulitosha kubadilisha dunia.

Basi somo la kwanza ni kusikiliza. Lakini kusikiliza hakumalizi kesi, na hapa nakuja kwenye jambo ambalo mpaka leo linanikaa rohoni.

Mteja mwingine alikuwa chama kidogo kinachosaidia watoto wa wakimbizi kwa madaftari na uji. Sitakitaja jina, na mkuu wake si mtu mbaya. Ule uji wake hata mimi nimeunywa. Alitaka tovuti yenye kitufe cha kuchangia. Alinipa avansi, nami nilikuwa na deni la nyumba. Akanitumia picha moja, akasema hiyo ndiyo ikae juu kabisa, kubwa: mtoto wa miaka 12, kaptula imechanika, machozi na makamasi usoni. Chini yake niandike kwamba mtoto huyu analala njaa.

Yule mtoto namjua. Ni wa timu yetu. Na ile siku ya picha nilikuwepo: alikuwa analia kwa sababu amekosa penalti.

Nilisema nini? Sikusema kitu. Nikaiweka. Nilijiambia mteja ni mfalme, mimi ni fundi tu, anayeshona hachagui harusi. Baada ya wiki mbili hivi, kiungo kilizunguka kwenye simu za shuleni. Wenzake wakaanza kumwita "Njaa." Akaacha kuja mazoezini. Nilipokwenda kwao, mama yake aliniambia alisaini karatasi, ndiyo, lakini karatasi ilikuwa ya Kiingereza na yeye alidhani ni orodha ya kupokea madaftari. Hakunigombeza. Alinipa kiti. Ningependa angenigombeza.

Nilirudi kwa mkuu wa chama, na ni lazima nimtendee haki, kwa sababu hoja yake ina uzito. Alisema: "Kijana, picha ya kucheka haileti franga. Hiyo ya kulia inaleta. Na hizo franga ndizo zinamnunulia huyohuyo daftari. Wewe unataka heshima yake ibaki safi na yeye akae bila daftari?" Sikuwa na jibu ile siku. Nilikwenda nyumbani nikalifikiria kwa siku nyingi.

Katika kufikiri nikakumbuka picha ambayo wengi wenu mmeiona. Machi 1993, Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini, alipiga picha kule Ayod, ambayo leo iko Sudan Kusini: mtoto ameinama chini kwa njaa, nyuma yake tai ametua. Gazeti la New York Times likaichapa, na mwaka 1994 ikapata tuzo ya Pulitzer. Hatuwezi kusema haikufanya kazi; ilifanya dunia iangalie njaa ya Sudan. Lakini kwa miaka mingi dunia iliamini kwamba yule ni mtoto wa kike. Mwaka 2011 ndipo gazeti la El Mundo la Hispania lilipokwenda mpaka Ayod, na familia ikasema alikuwa wa kiume. Fikiria hilo. Watu mamilioni walimlilia, na hawakujua hata kama ni mvulana au msichana. Carter angalau alipiga njaa ya kweli. Sisi tulichukua penalti tukaiita njaa.

Jibu langu kwa mkuu wa chama, ambalo lilikuja limechelewa, ni hili. Kwanza, kumfaidisha mtu si sawa na kumuomba ruhusa. Ukiniletea chakula hujanunua uso wangu. Pili, daftari linaisha baada ya muhula mmoja, lakini picha kwenye intaneti haiishi. Mtoto huyu akiwa na miaka 25, akitafuta kazi au mchumba, bado yuko pale na makamasi. Tatu, na hili linanihusu mimi kama fundi: picha ya mtoto anayelia ni wazo la kwanza la kila mtu. Hakuna ubunifu hapo. Nilijidai mbunifu kwa mama wa mikoba, lakini pale palipohitaji kufikiri kweli, yaani jinsi ya kumgusa mchangiaji bila kumvua mtoto nguo, mimi nililala. Kosa langu la maadili na kosa langu la kazi lilikuwa kosa moja.

Nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnajua kwamba hili halikuanza na mimi. Tangu mwaka 1994 kuna kanuni za mwenendo za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, na kipengele cha 10, ambacho ndicho cha mwisho, kinataka matangazo yaonyeshe waathirika kama binadamu wenye heshima, si vitu visivyo na tumaini. Na hapa Rwanda kuna sheria namba 058/2021 ya kulinda taarifa binafsi: mtoto chini ya miaka 16, ruhusa yake inatoka kwa mwenye malezi yake, na aliyetoa ruhusa anaweza kuiondoa. Wewe mama au baba wa kambini, ulikuwa unalijua hilo? Mimi sikulijua mpaka nilipotafuta, na nilitafuta nikiwa nimeshakosea.

Nilikuwa na nywila ya ile tovuti. Usiku mmoja nilikaa kidole juu ya kitufe cha kufuta. Sikubonyeza. Niliona kwamba kufuta kazi ya mteja kwa siri ni kumfanyia yeye kilekile alichofanyiwa mtoto: kuamua juu yake bila yeye. Badala yake nilikesha nikatengeneza ukurasa mwingine bila kulipwa. Juu niliweka picha ya meza: madaftari 40 yamepangwa, na mikono ya watoto inayachukua, hakuna uso. Chini nikaandika daftari moja ni franga ngapi, kikombe cha uji ni franga ngapi, na mwezi uliopita zimetolewa ngapi. Nikampelekea pamoja na maneno ya mama wa mtoto.

Alikubali kuitoa ile picha. Ule ukurasa mwingine alisema ataufikiria. Halafu akatafuta fundi mwingine, na nusu ya pili ya malipo yangu haikuja. Deni la nyumba nililipa kwa kukopa kwa mama wa mikoba. Kama kitufe cha kuchangia kingeleta franga nyingi zaidi kwa njia yangu au kwa njia yake, siwezi kuthibitisha, na sitaki kuwadanganya kwamba wema unalipa kila mara. Mimi haukunilipa.

Lakini tangu hapo, kabla sijapokea avansi ya mtu, nauliza maswali matatu. Nani analipa, na anataka nini hasa nyuma ya kile anachokisema? Nani atafungua, na ana simu gani mkononi? Na nani ataonekana, na je, nikimpelekea ukurasa huu auone wa kwanza kabla ya wote, nitaweza kumtazama machoni? Wa kwanza ndiye mfalme. Wa pili tunamjua kidogo. Wa tatu ndiye anayesahaulika, kwa sababu halipi na hayupo mezani. Ninachokiamini sasa ni kwamba kazi ya fundi ni kumwekea kiti. Si kumpinga mteja. Ni kumkumbusha kwamba tuko watatu.

Mnaweza kuniuliza: na ukiwa na njaa wewe mwenyewe, utakataa kazi? Sijui kama nitakataa kila mara. Najua tu kwamba nitauliza kwa sauti, mapema, kabla ya pesa kufika mkononi, kwa sababu zikishafika mdomo unakuwa mzito.

Yule mtoto alirudi mazoezini baada ya mwezi na zaidi. Anacheza vizuri, penalti sasa anapiga za chini pembeni. Lakini kila ninapofika uwanjani, kabla hajanisalimia, ananiangalia kwanza mikono, kuona kama nimeshika simu. Siku hizi naiacha nyumbani.