Mtoto Wako Yupi Hapa?

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa kaka yangu. Ajenda ilikuwa michango na ahadi, lakini mweka hazina alichelewa, soda zikanywewa kabla ya wakati wake, na mazungumzo yakahama. Mmoja wetu akaeleza habari aliyoisoma: huko Marekani wazazi wanaishtaki kampuni ya michezo ya mtandaoni, kwamba watoto wao walirubuniwa na watu wazima waliokutana nao humo mchezoni. Shemeji yangu, ambaye neno halimkai kooni, akamkata: "Wenzetu wale kila kitu mahakamani! Sasa mzazi alikuwa wapi?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, na ndilo linaloniuma. Maana wakati tunacheka, binti wa mdogo wangu, miaka kumi, alikuwa amejilaza kwenye zulia hatua mbili kutoka miguuni petu, simu ya mama yake mkononi, vidole vinakimbia. Mzazi alikuwa wapi? Alikuwa pale pale, anaandika ahadi ya laki mbili kwenye daftari.

Kampuni inayosemwa ni Roblox, ya California. David Baszucki na mwenzake Erik Cassel waliufungua uwanja huo kwa umma mwaka 2006. Si mchezo mmoja. Ni uwanja wenye michezo mamilioni, mingi ikitengenezwa na wachezaji wenyewe, na wachezaji wengi ni watoto. Katikati ya mwaka 2025 waliokuwa wakiingia kwa siku walizidi milioni 100. Ndani yake kuna fedha yao, Robux, inayonunuliwa kwa fedha halisi. Mwaka 2024 kampuni iliingiza dola bilioni 3.6.

Agosti 2025 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Louisiana, Liz Murrill, aliishtaki kampuni hiyo. Kentucky ikafuata Oktoba, Texas Novemba. Mwezi Desemba kesi za familia zilizokuwa zimetapakaa katika mahakama za shirikisho zikakusanywa mbele ya jaji mmoja huko California. Madai, nami nasema madai kwa kuwa mahakama haijaamua, yanafanana kama mapacha. Mtu mzima anajiandikisha kwa umri wa uongo, maana kwa miaka mingi mlango ulidai tarehe ya kuzaliwa tu na kuamini chochote kilichoandikwa. Anamzoea mtoto. Anampa Robux, kama zamani mtu alivyompa mtoto pipi. Kisha anamwambia, twende tukazungumzie kwingine, na hapo hutajwa sana Discord, programu ya kuchati. Huko ndiko zinakoombwa picha, na picha ikishatumwa, vitisho vinaanza.

Kampuni inakana. Inasema inachuja mazungumzo, hairuhusu kutumiana picha kwenye chati yake, na hakuna mfumo usio na tundu. Huenda ni kweli. Lakini mrubuni hana haja ya kukaa pale. Pale anaokota tu. Anakopeleka alichookota ni kwingine.

Nikiwaza hayo, kumbukumbu inanirudisha kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwetu Mbagala, miaka ya mwanzo ya 2000. Kilikuwa cha mabati, televisheni mbili, pleisteshen mbili zilizofungwa nyaya kwa gundi ya karatasi, na benchi lililopinda katikati. Mechi moja shilingi mia mbili. Mwenye kibanda alikuwa fundi redio, mkali, anatafuna mswaki kutwa. Kina mama tulimchukia kwa sababu alikula hela za mkate. Lakini alikuwa na sheria zake. Mwenye sare ya shule haingii asubuhi. Adhana ya magharibi ikilia, televisheni inazimwa hata kama mtu yuko kwenye penalti.

Siku moja akaanza kuja kijana wa makamo, msafi, mpole, hana haraka. Hachezi sana. Analipia watoto wengine. Watoto wakampenda, wakamwita Anko. Mwenye kibanda alimtazama siku tatu bila neno. Siku ya nne, mwanangu akiwepo na akinisimulia jioni ile huku macho yamemtoka, alizima televisheni zote mbili, kibanda kikawa kimya, akamuuliza yule mtu: "Samahani ndugu yangu, mtoto wako yupi hapa?"

Yule mtu akacheka kidogo. Akasema anapenda watoto tu.

"Basi kapende kwenu."

Hakurudi tena. Hatukuwahi kujua alikuwa na nia gani, na huenda tulimdhulumu mtu mwema. Lakini fundi redio hakusubiri kujua. Alikula mia mbili za watoto wetu, akajihesabu kuwa ana deni la kuwatazama. Hakuna aliyemwandikia hilo popote.

Najua shemeji yangu akisoma hapa atasema: shangazi umezeeka, unasifia vibanda. Na ataleta methali yake: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sawa, nami nilikuzwa na methali hiyo. Ila inampa mama zamu ya kwanza. Mama anafunza, akishindwa, ulimwengu unachukua. Siku hizi ulimwengu hausubiri zamu. Unaingia chumbani saa nne usiku, ndani ya shuka, wakati mama yuko jikoni anaosha vyombo. Sisi tulifundishwa kumwita mtoto ndani giza likiingia, kwa kuwa hatari ilikuwa nje. Tukamwita, akaingia, tukafunga komeo, tukalala tukijua yuko salama.

Tena wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kibandani mgeni alionekana, kamba yake iliburuza chini, hata mtoto wa miaka saba aliiona. Mtandaoni kamba hiyo imekatwa. Mtu wa miaka arobaini anavaa umbo la katuni ya mtoto, anaandika kama mtoto, anacheka kama mtoto. Mzazi akichungulia begani anaona vibonzo viwili vinajenga nyumba. Mwenye uwezo wa kuiona kamba ni mmoja tu, naye ni mwenye uwanja, ambaye anajua nani ametuma ujumbe kwa watoto wangapi wasiomjua, saa ngapi, na amewapa nini.

Ndiyo maana majibu ya wakubwa wa kampuni yananikera kuliko kicheko cha kikaoni. Machi 2025 Baszucki aliiambia BBC kwamba mzazi asiyeridhika na asimruhusu mwanawe kuingia. Kumbe shemeji yangu ana mwenzake California. Novemba mwaka huohuo, kwenye kipindi cha sauti cha gazeti la New York Times, alipoulizwa juu ya wanaowinda watoto mchezoni, akasema hawalioni kuwa ni tatizo tu, wanaliona pia kuwa ni fursa. Nadhani alimaanisha fursa ya kubuni njia bora za mawasiliano. Hata hivyo, mpe fundi redio wangu sentensi hiyo aisome, uone kama mswaki hautamdondoka.

Watetezi wao wana ngao ya sheria. Marekani kuna Kifungu cha 230 cha mwaka 1996, kinachozikinga kampuni za mtandao zisihesabiwe kuwa ndizo zilizosema yaliyosemwa na watumiaji wao. Mawakili wa familia hizi wanapita ubavuni: hatuwashtaki kwa maneno ya yule mtu, wanasema, tunawashtaki kwa jinsi mlivyoijenga nyumba na mlivyotuambia kuwa ni salama. Na msidhani ngao hiyo iko ng'ambo tu. Sheria yetu hapa Tanzania, ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inamwadhibu mtenda, vizuri, lakini inasema pia kwamba mtoa huduma halazimiki kufuatilia data anazopitisha au kuhifadhi. Kwa barua pepe naelewa, sitaki mtu asome barua zangu. Kwa uwanja uliotengenezwa ili mtoto acheze, sielewi.

Wengine watasema mawakili wanafuata fedha. Wafuate. Nimeona fedha zikifanya ambacho huruma haikufanya. Desemba 2022 Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza madai ya tume ya biashara ya Marekani, na wakatakiwa kuzima mazungumzo ya sauti na maandishi kwa watoto mpaka ruhusa itolewe. Kuzima tu. Jambo la kubonyeza, lililokuwa likiwezekana siku zote. Roblox nao, kesi zilipowazidi, wametangaza kuwa anayetaka kuchati atapimwa umri kwa kamera ya uso. Sipendi sura za watoto ziingizwe kwenye mashine za watu, na nina maswali mengi juu ya hilo. Lakini mlango ule uliokuwa ukiamini tarehe yoyote uliwekewa nani, kama si yule anayetaka kudanganya?

Kwa hiyo shemeji, jibu langu ni hili, nalitoa hapa kwa kuwa kikaoni nilicheka. Mzazi ana lake, na halifuti la mwenye uwanja. Anayetoza kiingilio cha watoto anachukua na ulinzi wao, awe amekaa Mbagala au California, na asipoutimiza, mahakama ndipo mahali pake. Bunge letu nalo liitazame upya sheria ya 2015 kabla hatujawa na kesi zetu.

Na mzazi mwenzangu, usiku huu keti karibu na mwanao, mwombe akuonyeshe marafiki zake wa mchezoni, mmoja mmoja. Usifoke, ukifoka atakuficha. Ukikuta jambo, usifute ujumbe kwa hasira wala kwa aibu, huo ndio ushahidi. Piga 116, namba ya bure ya kumsaidia mtoto. Hata ndugu zetu wa Kenya namba yao ni hiyohiyo.

Mimi nimeanza na yule binti wa kwenye zulia. Mchezo wake ni mwingine, si huo ulioshtakiwa. Alinionyesha bila kusita. Ana marafiki arobaini na mmoja. Anaowajua kwa sura ni wanne.