Je, Yafaa Mwalimu Amfunze Mwanawe Nyumbani?

Mwezi wa Januari umeingia tena, na kila apitaye asubuhi katika mitaa ya Mbagala na Chamazi, upande wa Temeke, au Tegeta na Bunju, upande wa Kinondoni, aona jambo lile lile. Watoto wadogo wamevaa sare mpya zilizo kubwa kuliko miili yao, maana mama alipozinunua aliufikiria na mwaka ujao. Viatu vyang'aa, na mifuko ya madaftari yawagonga migongoni. Sisi tulio walimu twafurahi sana kuwaona.

Walakini mwaka jana watoto wetu wenyewe hawakuwamo katika msafara huo. Mkubwa ana miaka 6, na mdogo ana miaka 4. Tuliwafunza nyumbani, mama yao wakati wa asubuhi, na sisi jioni tukirudi kazini. Mwaka huu tulikuwa tumekwisha kutengeneza mambo ya mwaka wa pili: ubao tumeupaka rangi, kalamu za risasi tumezichonga, na karatasi ya saa za masomo tumeibandika ukutani. Ndipo jirani yetu mmoja, mama akaangaye maandazi kando ya njia, akatuuliza kwa upole, "Mwalimu, samahani. Wewe wawafundisha wanetu kila siku, na wako wamekaa ndani. Chakula unachotupikia sisi, mbona mwanao hali?"

Hatukuwa na jibu. Tulicheka, tukanunua maandazi, tukaenda zetu. Lakini swali lile lilitufuata mpaka nyumbani, likakaa nasi mezani. Basi, wasomaji wapenzi, twalileta mbele yenu, maana twaona ya kuwa si swali letu peke yetu.

Kwanza tueleze jinsi tulivyoingia katika njia hiyo. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, Serikali ilizifunga shule tarehe 17 Machi, na madarasa ya watoto hayakufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Watoto walipoturudia tuliona ajabu. Wako waliokuwa wamesahau hata herufi walizozijua, na wako waliorudi wakisoma vizuri kuliko walivyoondoka. Tulitafuta sababu. Tulidhani ni mali, lakini sivyo. Mmoja wa wale waliorudi wakisoma vizuri alikuwa mtoto wa mpiga debe, tena wa chumba kimoja. Tulipomwuliza nani alimfunza, alisema, "Bibi alikuwa akiniambia, nisomee." Na bibi huyo hajui kusoma! Tokea siku ile tulijua ya kuwa nyumba ina nguvu ya kufunza ambayo sisi walimu tulikuwa twaidharau.

Tena kulikuwa na sababu nyingine, nayo twaitaja bila kumlaumu mtu. Darasa la kwanza la shule iliyo karibu nasi lina watoto 90 na zaidi, nao huingia kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Na kufika huko sharti mtoto aivuke Barabara ya Kilwa, yenye malori na daladala. Baba gani asiyeogopa? Basi tukasema, wetu watakaa nyumbani.

Wala hatukufanya jambo geni. Zamani, kabla ya shule kujengwa, watoto wa nchi hii hawakukua wajinga. Mwalimu Nyerere alieleza katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, ya kuwa wazee wetu hawakuwa na majengo ya shule, lakini watoto walijifunza kwa kuishi na kwa kutenda. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka 1922, naye aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka ipatayo 12. Na wasomaji wa Maandiko wamjua Timotheo, ambaye imani yake yatajwa pamoja na nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Wahenga nao wamesema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapana shaka, basi, ya kuwa mzazi ni mwalimu wa kwanza. Jambo tunaloliuliza ni hili: je, yafaa awe mwalimu wa pekee?

Zamani sana, yapata miaka 2300 na zaidi, huko Ugiriki, mwenye hekima aitwaye Plato aliandika ya kuwa katika mji ulio bora watoto wa walinzi wa mji wawe wa wote, mzazi asimjue mwanawe wala mtoto asimjue mzazi. Mwanafunzi wake Aristotle alimpinga. Alisema ya kuwa kitu kilicho cha watu wengi hutunzwa kidogo kuliko vingine, kwa kuwa kila mtu hudhani mwenziwe atakitunza. Tuliposoma hayo tulifurahi, tukasema, tazama, hata yeye yu upande wetu. Lakini Aristotle huyo huyo, katika kitabu kile kile, aliandika pia ya kuwa mafunzo ya watoto wa mji yawe mamoja, yaangaliwe na wote, wala si vema kila mtu awafunze wanawe faraghani kwa namna yake. Tulidhani amejipinga mwenyewe. Baadaye tuliona ya kuwa sivyo. Mapenzi yahitaji mtu mmoja, maana huwezi kumpenda kila mtoto kama umpendavyo wako. Lakini mafunzo ni ya kumwingiza mtoto kati ya watu atakaoishi nao, na jambo hilo haliwezi kufanyika pasipo watu hao.

Basi sasa tuungame mambo mawili yaliyotupata.

La kwanza. Mwezi wa Agosti mtoto wetu mkubwa alikuwa akiichanganya "b" na "d". Shuleni twaweza kulirudia jambo kama hilo mara kumi na tano bila kukasirika, mbele ya watoto 90. Lakini siku ile, mbele ya mtoto mmoja tu, mara ya nne tulipaza sauti na kuipiga meza. Mtoto alinyamaza, kisha akasema, "Leo nataka baba, sitaki mwalimu." Tulikwenda nje tukajiuliza, kwa nini tuna subira kwa wana wa watu na hatuna kwa wetu? Jibu lilituaibisha. Mtoto wa mwenzetu akishindwa, twamwona mtoto aliyeshindwa. Mtoto wetu akishindwa, twajiona sisi, twawaza watu watasema, mwana wa mwalimu hajui herufi. Tulikuwa hatumfunzi mtoto saa ile. Tulikuwa twalinda jina letu.

La pili. Wakati wa masomo ya jioni watoto wa jirani walizoea kusimama dirishani, wameshika nondo, wakitazama ubao. Hatukuwafukuza, wala hatukuwakaribisha. Siku moja yule mdogo wetu, wa miaka 4, aliinuka akalivuta pazia, akawaambia, "Hii ni shule yetu, si yenu." Nani aliyemfunza maneno hayo? Hatukuyaandika ubaoni hata siku moja. Lakini alikuwa ameyasoma katika mlango wetu uliofungwa, naye aliyajua vizuri kuliko herufi zote. Twasema samaki mkunje angali mbichi. Kumbe tulikuwa tumekwisha kumkunja, na hatukujua ni upande gani!

Mtu atatujibu hivi, na jibu lake lina nguvu: "Je, mwanangu awe sadaka kwa ajili ya majirani? Nikimpeleka katika darasa la watoto 90, akakosa kusoma, nani atamrudishia miaka yake?" Neno hili hatulidharau. Mtoto si chombo cha baba yake kujionyesha kwa watu kuwa ni mwenye haki. Ikiwa kumpeleka shule ni kumtupa, basi asipelekwe.

Lakini tufikiri vizuri. Wingi ule wa watoto umetoka wapi? Mwaka 1974, huko Musoma, iliazimiwa ya kuwa watoto wote wa rika la shule ya msingi waingie shule ifikapo mwaka 1977, na walimu wakawa haba, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwe ualimu huku wakifanya kazi. Tena Januari 2016 michango ya shule ilipoondolewa, madarasa yalifurika. Wale waliofurika hawakuzaliwa siku ile. Walikuwako siku zote, wakichunga, wakiuza karanga, wakikaa uani. Darasa lilionekana zuri zamani kwa sababu wao walikuwa nje. Basi anayekimbia wingi ule na ajue anakimbia nini: si uovu wa shule, ila ni watoto maskini walioingia mlangoni mwisho.

Tena iko hatari nyingine, nayo yatuhusu sisi walimu kuliko wengine. Mpishi alaye chakula kingine hawezi kujua kama chungu kina chumvi. Mwaka mzima tuliopumzisha watoto wetu nyumbani, tulizoea mambo ambayo mzazi hawezi kuyazoea. Mtoto akikaa sakafuni kwa kukosa dawati, twaliona ni jambo la kawaida. Kama mmoja wao angekuwa wetu, tungelala usingizi?

Hatusemi ya kuwa kila amfunzaye mtoto nyumbani akosa. Wako watoto wagonjwa, wako walemavu ambao njia ni ndefu kwao, wako wadogo mno kwa safari ya mbali. Hao nyumba ni rehema kwao. Lakini yafaa msomaji ajue na sheria pia. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliandika ya kuwa mtoto aliyetimiza miaka 7 sharti aandikishwe katika shule ya msingi, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imepanga miaka ya elimu ya lazima iwe 10. Mtu asichukue maneno yetu kuwa ruhusa ya kumficha mtoto, wala kumfanya mtumishi wa nyumba kwa jina la kumfunza.

Basi tumeamua hivi, mama wa watoto pamoja nasi, baada ya kuzungumza usiku mara nyingi, na mara moja kwa machozi. Mkubwa ataingia darasa la kwanza Januari hii, katika shule ile ile tunayofundisha, kwa mwalimu mwingine. Mdogo atakaa nyumbani mpaka wakati wake. Masomo ya jioni hayataachwa, ila hayatakuwa ndani tena. Tumetandika mkeka barazani, na mara tatu kwa juma, watoto wa jirani warudipo madrasa, aliye tayari aje aketi. Hatujui kama mtoto wetu atapata hasara kwa njia hii. Yawezekana atachelewa kidogo kusoma. Twakiri ya kuwa hofu hiyo bado tunayo.

Na ninyi wasomaji, wa mjini na wa mashamba, msidhani ya kuwa kazi hii ni ya walimu tu. Chagueni saa moja isiyobadilika, nusu saa yatosha kwa mtoto mdogo. Anzeni na anachokijua: ahesabu korosho, agawe maandazi kwa ndugu zake, ataje majina ya miti iliyo uani. Msimpige kwa ajili ya herufi. Mkiona hasira yaja, fungeni kitabu, mmwambie hadithi. Na asiyejua kusoma asione haya, afanye kama bibi yule, aseme, "Nisomee," kisha asikilize mpaka mwisho. Na mtoto wa jirani akisimama mlangoni, asogezewe mkeka.

Jana tulipita tena kwa yule mama wa maandazi. Tukamwambia, mtoto wetu aanza shule Jumatatu. Hakutusifu. Aliyageuza maandazi yake katika mafuta, akasema, "Basi atapita hapa saa kumi na mbili na nusu, aende na wangu, wavushane barabara."

Nasi tuliona aibu, maana barabara ile tuliyoiogopa mwaka mzima, wanawe walikuwa wakiivuka kila siku. Msomaji aliye na neno la kutuongoza au kutusahihisha katika jambo hili, na atuandikie.