Je, Yafaa Kuitumia Sheria Mbaya?

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Tunduma, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Mtu akiona kwamba utaratibu wa kupiga kura una dhuluma ndani yake, je, ajitenge nao ili mikono yake ikae safi, au auingie ili apate kuuondoa?

Swali hili si geni katika nchi ile. Mwaka 1958 Tunduma na Mbozi, ambazo leo zimo katika Mkoa wa Songwe, zilikuwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Jimbo hilo lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mwezi wa Septemba, kwa utaratibu ulioitwa kura tatu. Kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na kiti cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu, na mpiga kura alilazimika kuchagua mtu kwa kila kiti. Aliyeacha kimoja, kura yake ilibatilika. Waafrika walizidi milioni 8, Wazungu walipata 20,000 hivi. Mizani ya sheria ikasema wako sawa. Tena mpiga kura ilimpasa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Walioandikishwa nchi nzima hawakufika 60,000.

Januari ya mwaka ule TANU ilikutana Tabora, na wengi walikwenda wakiwa wameazimia kuususia uchaguzi. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaunda chama chake. Wanahistoria humpitia Mtemvu upesi upesi kama mtu aliyepotea njia, maana mshindi ndiye msimulizi. Mimi naungama kwamba hoja yake ilikuwa na uzito: apigaye kura tatu autia muhuri usawa wa uongo kwa mkono wake mwenyewe.

Watetezi wa Tabora hutujibu kwa matokeo. TANU iliwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo, na mtego uliotegwa kuwatenganisha watu ukawanasa waliouweka. Katika uchaguzi wa 1960 kura tatu haikuwapo tena. Viti 50 kati ya 71 vilikuwa wazi kwa mtu wa kabila lolote, na ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili aliweza kupiga kura. Lakini matokeo hayo hayakujulikana Januari 1958. Tendo haliwi jema kwa sababu bahati ililifuata. Lazima wema wake utafutwe mahali pengine.

Babu yangu alilima kahawa Mbozi. Hakuwa na pauni 150, wala darasa la nane, wala cheo. Alikuwa na kadi ya chama tu. Walioingia katika chumba cha kura waliingia na amana yake, na hapo ndipo nionapo uhalali wa uamuzi ule: walitangaza mbele ya watu kwamba mlango ni mbaya, wakapita humo kwa ajili ya waliofungiwa nje. Apitaye kimya, akakaa kitini, akauzoea mlango hata akauona mzuri, huyo simtetei. Na hatari ya kuzoea ni kubwa kuliko tunavyokiri sisi tuliokwisha kupata viti.

Leo mlango ni mpana. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, pauni hazikuulizwa wala darasa. Ilitosha mtu awe raia mwenye umri wa miaka 18, mkazi wa mtaa, na jina lake liwe katika orodha. Hata hivyo kaka wa mwanafunzi wangu alikataa kujiandikisha, akisema utaratibu wenyewe hauaminiki. Nikamuuliza kama kaka yake alimweleza mtu sababu hiyo: mwenyekiti, majirani, wazee wa msikitini. Mtemvu, nilimkumbusha, alikataa kwa sauti.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba siku ile kaka yake aliamka mapema, akavuka mpaka kwenda Nakonde kwa biashara zake, akarudi jioni, na hakuna aliyejua.