Je, ni Dhambi Kugeuza Mbegu?

Wako Wakristo wasemao: Mungu alipanga kila mmea uzae namna yake, atiaye ndani ya mbegu urithi wa kiumbe kingine amwingilia Muumba kazini. Neno hili si la kudharauliwa. Tulipime.

Udongoni kuna kijidudu kiitwacho Agrobakteria. Huingia katika jeraha la mmea, hupenyeza humo sehemu ya urithi wake, na mmea huota uvimbe. Mwaka 1983 Schell na Van Montagu wa Ghent, Ubelgiji, na wataalamu wa Marekani, walionyesha kwamba chaweza kutumika kama mpagazi: hutuliwa mzigo wa ugonjwa, hutwikwa mzigo mwingine. Kwa njia hiyo migomba ilipewa urithi wa pilipili hoho ipate kushinda mnyauko, ugonjwa uliotambuliwa Masisi mwaka 2001. Ilijaribiwa Kawanda, Uganda, tangu 2010.

Sasa tazameni karanga tunazosaga kuungia sombe. Mwaka 2019 wataalamu walieleza kwamba ndani yake mna alama za urithi wa kijidudu cha jamii hiyo, zilizoingia zamani pasipo mkono wa mtu. Basi kuchanganyika peke yake si uovu.

Lakini tusiseme upesi kwamba yote ni halali. Radi nayo huchoma nyumba. Aliyechoma nyumba ya jirani hawezi kujitetea kwa kuitaja radi. Kijidudu hakina dhamiri, mtu anayo. Kwa hiyo ataulizwa: umegeuza kwa faida ya nani? Umepima madhara?

Fikirini mama aliyekimbia vita Masisi, akafika Walikale na karanga chache katika pindo la kitenge. Apanda, avuna, ampa jirani konzi moja ya mbegu. Hilo ni tendo la huruma. Ikija mbegu yenye mafuta mengi, lakini sheria yake yakataza kumgawia jirani, twapata mafuta na kupoteza ujirani. Tena, anayekataa mbegu iliyopimwa vema, huku watoto wa wenzake wana njaa, asijisifu kwamba amemtetea Mungu.

Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya kutunza dunia, hakutoa hukumu moja kwa mbegu zote. Alitaka kila jambo lipimwe, na mkulima mdogo asisahauliwe.

Basi tusiitafute dhambi ndani ya punje. Tuitafute mioyoni mwetu, tunapopokea na tunapogawa.