Ujira wa Kibarua ni Deni

Kahawa inapoiva katika vibanja vya Kimwani, Ihangiro na kwingineko katika Muleba na Bukoba, mwenye shamba hutafuta vibarua wa kuchuma. Usiku wa giza unapowadia, mwenye mtumbwi hukusanya vijana wa kuvua dagaa kwa taa. Mwenye duka ana kijana wa kuuza. Mama ntilie ana binti wa kuosha vyombo. Hao wote hawajiiti matajiri, wala hawana ofisi na makarani. Lakini mbele ya sheria, na zaidi mbele ya Mungu, wao ni waajiri. Kwao twaelekeza maneno yetu ya leo.

Twasikia kila mara wakilalamika kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawaaminiki: huchelewa, huiba, hutoroka. Hatukatai kwamba wako walio hivyo. Lakini yafaa kuuliza kwanza: kijana huyo alipoanza kazi, aliambiwa atalipwa kiasi gani, na siku gani? Mara nyingi aliambiwa tu, "Karibu, wewe ni kama mtoto wetu." Jina la mtoto ni jema, ila lisiwe la kufunika dhuluma. Mtoto wa nyumba atarithi kibanja. Kijana wa kazi hatarithi hata mgomba mmoja. Urithi wake ni ujira wake.

Kanisa halikulichukua jambo hili kuwa dogo. Katekisimu huhesabu kumnyima mfanyakazi haki yake miongoni mwa dhambi zinazolilia mbinguni, pamoja na dhambi ya Kaini aliyemwaga damu ya ndugu yake. Torati iliamuru kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliowazuilia wavunaji unapiga kelele masikioni mwa Mungu. Naye Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliwakumbusha waajiri wa dunia nzima fundisho hilohilo. Mwenye mtumbwi mmoja hakuachwa nje.

Wazee wa Buhaya wanaujua uchungu wa kumtumikia bwana asiyepimiwa madai yake. Mfumo wa nyarubanja, ambamo mpangaji alidaiwa mazao na utumishi na mwenye ardhi, ulianza kufutwa kwa sheria ya mwaka 1965. Ingekuwa aibu kubwa wajukuu wa wapangaji wale waufufue dukani na mwaloni.

Basi, mwajiri mdogo afanye nini? Kwanza, mapatano yawe wazi, na yaandikwe. Wavuvi wajue kabla ya kuingia ziwani ni gharama gani za mafuta zitakazotolewa na mgawo wa kila mmoja ni upi. Na hesabu ifanywe wote wakiona. Debe la kupimia kahawa ya kibarua wa kwanza ndilo lipimie ya kibarua wa mwisho.

Pili, siku ya malipo isivunjwe. "Kahawa yangu haijanunuliwa" si jibu la haki. Kibarua hakupatana nawe kugawana faida. Mbona umgawie ucheleweshaji wa soko? Asiyeweza kuwalipa wawili aajiri mmoja.

Tatu, hasara ikitokea, mfanyakazi asikilizwe kabla ya kukatwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yadai mwajiri aeleze kwa maandishi sababu na kiasi cha hasara, ampe nafasi ya kujitetea, wala asikate zaidi ya robo ya mshahara. Sheria hiyo yataka pia saa za kazi za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na mtoto aliye chini ya miaka 14 asiajiriwe kabisa.

Nne, mfanyakazi aonywe faraghani, wala asitukanwe mbele ya wateja. Naye aachiwe Jumapili yake apate kumwabudu Mungu na kupumzika.

Twajua biashara ndogo ni ngumu, na wafanyakazi nao wana wajibu: anayepokea mshahara kamili kwa kazi nusu ni mwizi kama yule anayeuzuia. Hata hivyo, mwenye kushika fedha ndiye aanze. Anayelipwa kwa wakati hupata moyo wa kulinda mali ya bwana wake. Anayedhulumiwa hujifunza kujilipa mwenyewe.

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Bwana wetu Yesu Kristu naye alitufundisha kuiacha sadaka mbele ya altare, tukapatane kwanza na ndugu mwenye neno juu yetu. Kwa hiyo, kabla ya Misa ya Jumapili hii, kila mwenye nyumba aliyeajiri mtu aifungue hesabu yake. Akiona kuna ujira uliolala kwake, amwite mwenye nao, amkabidhi mkononi. Fedha hiyo si yake hata ya kuitolea sadaka.