Masazo ya Shamba la Boazi
(Walawi 19:9–10, Ruthu 2)

Torati, yaani sheria ambayo Israeli walipewa kwa mkono wa Musa, ilimkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni kabisa au kurudi kuokota masazo, ambayo ni masuke yaliyoponyoka mikononi mwa wavunaji, kwa kuwa hayo yalikuwa haki ya maskini na mgeni. Kwa haki hiyo Ruthu Mmoabi, mjane aliyehamia Bethlehemu, aliokota shayiri shambani mwa Boazi hadi jioni. Na Boazi, kwa wema uliopita sheria yenyewe, aliwaagiza vijana wake wamwachie masuke kwa makusudi, tena wasimkemee. Agizo hili la mwisho ndilo zito zaidi, kwani maskini huweza kushibishwa huku akidhalilishwa, naye Boazi alilinda chakula cha mjane huyo pamoja na heshima yake.